Mguu wa Nyuma, wa Kushoto

Zuleka alikuwa amechoka tangu asubuhi, na uchovu wake haukutokana na kazi. Kila Ijumaa baba yake mdogo, Khalifa, hufunga bucha saa sita na nusu ili aende msikitini, na Nkubu yote inajua kwamba kabla ya saa nane hakuna nyama. Saa hiyo moja na nusu ilikuwa ya Zuleka peke yake. Alikuwa na umri wa miaka ishirini na tisa, na miaka minne kati ya hiyo alikuwa ameitumia kumngoja Njiru.

Siku hiyo ndiyo iliyokuwa mwisho wa kungoja. Jumatatu Khalifa alikuwa amemwita sebuleni, akamwambia kwamba watu wa Suhail, mwenye malori kule Maua, wameleta posa kwa mara ya pili, na kwamba hangeweza kuwarudisha tena bila neno.

"Ijumaa nikitoka msikitini unipe jibu," alisema. "Kama Njiru anakuja, aje. Kama haji, niambie, mama, niache kuwadanganya wenzangu."

Zuleka alimpigia Njiru simu Jumanne. Alimweleza maneno ya mzee yalivyosemwa, bila kuongeza wala kupunguza. Njiru alisema kwamba Ijumaa alikuwa analeta mbuzi kutoka Ishiara kama kawaida, na wangezungumza ana kwa ana. Alisema atakuwa na jibu.

Sasa lori lilikuwa limesimama uani nyuma ya bucha. Njiru alikuwa ameshusha mbuzi kumi na wawili wa kuchinjwa, wote madume, akawatia zizini. Kisha alishusha kondoo wawili, akawafunga kando, kivulini chini ya paa. Alimsalimia Zuleka akitazama kamba iliyokuwa mkononi mwake. Alisema vumbi limemwingia hadi kooni, anavuka barabara anawe na kula chapati, atarudi. Zuleka aliiona aibu usoni mwa Njiru, akaielewa kama aibu ya mtu mwenye neno kubwa ambaye hajajua aanzie wapi.

Alichukua karatasi ya kaki ya kufungia nyama, akaiweka juu ya ubao, akakaa kwenye kreti lililopinduliwa, akatoa kalamu yake ya biro.

Hakuna mtu aliyemfundisha kuchora. Alianza kidato cha pili, na tangu hapo hakuwahi kutumia penseli wala rula. Wino haufutiki, kwa hiyo kabla ya kugusa karatasi ilimbidi atazame mara mbili zaidi ya vile angetazama mtu mwenye kifutio. Alianza siku zote na mgongo, kwa sababu mgongo wa mnyama ukishakaa, miguu inajua pa kwenda. Mstari ukikosea aliuacha, akaweka wa kweli kando yake. Mwenye macho angeona mkono ulivyotafuta. Kwa manyoya aliishika kalamu kwa wepesi, karibu bila uzito. Kwa kivuli cha chini ya tumbo aliikandamiza hadi karatasi ikang'aa. Zuleka hakuwa mtu wa kusema kwamba kuchora kunaponya. Alijua tu kwamba akichora mabega yake hushuka, pumzi yake hurefuka, na mambo hukaa mahali pake, hiki mbele, kile nyuma.

Alikuwa amemaliza mgongo wa kondoo jike alipogundua alichokuwa akikitazama.

Bucha halinunui jike mchanga. Huyu hakuwa amezaa, kiwele hakikuwepo. Alikuwa wa rangi moja, kahawia isiyo na doa, masikio mazima, pembe hakuna. Kando yake alisimama dume wa rangi ileile, naye hana kasoro. Watu wa Meru na wa Embu wote wanamjua mnyama kama huyo na jina lake. Ni mwati, kondoo jike ambaye hajazaa, na pamoja na dume ndiye anayefungua ruracio, mahari ya huku. Mpaka wawili hao wafike nyumbani kwa msichana, msichana huyo ni wa kuzungumziwa tu.

Zuleka aliyajua hayo kutoka kwa Njiru mwenyewe. Alimweleza mwaka wa pili wa mapenzi yao, wameegemea lori hilihili, naye Zuleka akamuuliza kwa mzaha baba yake mdogo, Mwislamu, angemfanyia nini mwati.

"Atamla Idi," Njiru alijibu. "Lakini kwanza ampokee."

Zuleka hakujiruhusu kufurahi. Alipanga aliyoyajua. Leo ni Ijumaa. Njiru alisema atakuwa na jibu. Mwati amefungwa katika ua wa Khalifa, si kwingine. Dume yuko pamoja naye. Njiru hawezi kunitazama usoni. Alizungusha mambo hayo matano kila upande, na kila upande yalisema jambo lilelile. Akaendelea kuchora, na sasa aligundua kwamba mkono wake ulikuwa unakwenda bila kumwomba ruhusa: sikio, taya, mkunjo wa ngozi shingoni, miguu ya mbele, halafu ya nyuma. Hakuwahi kuchora vizuri hivyo. Kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu hakuhisi mzigo machoni.

Kinyua, mpakiaji wa Njiru, mtu mzima mwenye watoto wawili na mdomo usiotulia, alikuja na ndoo ya maji. Alisimama nyuma yake, akainamisha kichwa upande huu na upande ule.

"Dada Zuleka, huyo umempendelea. Mimi umekataa kunichora mwaka mzima."

"Wewe hutulii."

"Na yeye anatulia kwa sababu hajui anakoenda." Aliweka ndoo mbele ya kondoo. "Mchore vizuri kabisa. Kesho wazee wa Kanyakine wakimkataa, tutawapatia hiyo karatasi waende nayo."

Kalamu ya Zuleka haikusimama. Ilimaliza ukwato uliokuwa umeanza.

"Wazee wa Kanyakine," alisema.

"Si ndiyo. Babake Kananu anasemekana anakagua mpaka meno. Mama Jedidah hajalala tangu..." Aliutazama uso wa Zuleka, halafu mchoro, halafu barabara ambako Njiru alikuwa hajatokea. "Alisema amekuambia," alisema kwa sauti ya chini. "Haki, dada, alisema mliongea Jumanne."

"Tuliongea Jumanne," Zuleka alisema. "Nenda ule, Kinyua."

Aliondoka bila mzaha mwingine.

Njiru aliporudi uso wake ulikuwa umenawa na shati lake lina matone ya maji. Kitu cha kwanza alichokiona ni mchoro, na kabla hajafikiri alitabasamu, lile tabasamu la upande mmoja ambalo Zuleka alikuwa amelichora mara nyingi kuliko alivyokuwa tayari kukiri.

"Umemweza," alisema.

"Ni wa nani?"

Tabasamu lilikaa kidogo mahali pasipokuwa pake, kisha likaondoka. "Ni wa mtu wa Kanyakine."

"Mtu huyo ana jina?"

"Zuleka."

"Hilo ni langu."

Njiru alitazama lango, akamtazama Kinyua ng'ambo ya barabara akila bila kuinua kichwa. "Kananu," alisema.

"Umekwenda kwao mara ngapi?"

"Sasa hiyo itatusaidia nini?"

"Nauliza nijue."

"Mara tatu."

"Ya kwanza lini?"

"Mwezi wa nne."

Ilikuwa Septemba. Mwezi wa nne Njiru alikuwa amemwambia angoje harusi ya dada yake ipite, mama yake atakuwa na nafasi ya kusikiliza. Zuleka alikuwa ametoa zawadi kwa ajili ya harusi hiyo, mashuka mawili, ambayo hakualikwa kuyapeleka mwenyewe.

Njiru alieleza. Alieleza kwa muda mrefu, amesimama, akikunja na kukunjua mikono ya shati. Mama yake, Jedidah, alikuwa mwenyekiti wa akina mama kanisani na presha yake ilipanda kila jina la Zuleka lilipotajwa. Wazee wa ukoo walisema kijana akimwoa Mwislamu ndiye atakayeolewa. Khalifa naye alikuwa amesema wazi kwamba bila kusilimu hakuna ndoa, na Njiru akisilimu hana mahali pa kurudi Ishiara. Huku mlango umefungwa, na huku umefungwa. Kananu aliletwa na shangazi. Ni mwalimu wa chekechea, ni mtu mwema, hana kosa.

Zuleka alisikiliza yote. Hakukuwa na jambo hata moja kuhusu mama, wazee au Khalifa ambalo hakulijua mwaka wa kwanza. Jipya lilikuwa Kananu, na kondoo.

"Kwa nini ulimshusha hapa?" aliuliza. "Ungemwacha ndani ya lori."

"Jua lilikuwa kali. Wamesimama tangu alfajiri. Akifika amelegea watasema nimewaletea mgonjwa."

"Ulijua nitamwona."

"Nilijua utamwona. Sikufikiri utamjua." Njiru alisugua uso wake kwa kiganja. "Nilisema ni kondoo tu. Wewe ni binti wa bucha, utaona kondoo."

"Ni wewe uliyenifundisha huyu ni nani."

Alimwona akikumbuka. Haikuchukua muda mrefu. Macho yalikwenda kwenye lori, yakarudi, na rangi ya uso wake ikabadilika. Zuleka angeweza kuishia hapo. Lakini alikuwa na jambo moja zaidi ambalo lilikuwa kweli, na hakuona sababu ya kulibeba peke yake.

"Nilidhani ni wangu," alisema.

Njiru alikaa chini. Hakutafuta kreti, alikaa palepale kwenye saruji, magoti juu, kichwa kati ya mikono. Mbuzi mmoja zizini alikohoa. Zuleka alitazama kisogo chake, nywele zilizonyolewa upya kwa ajili ya kesho, mstari mweupe nyuma ya sikio ambako wembe ulipita karibu sana. Alitamani kuweka mkono hapo. Aliutazama mkono wake, akauacha ulipokuwa.

"Nikiwarudisha," Njiru alisema bila kuinua kichwa. "Nikigeuza lori sasa hivi, niwarudishe wote wawili Ishiara, nimwambie mama yaliyo moyoni. Utanisubiri?"

Zuleka aliipitia sentensi hiyo neno kwa neno, kwa sababu aliitaka sana na hakuwa anajiamini.

"Kulikuwa na maneno mengine ya kuuliza," alisema.

"Nimesema nitawarudisha."

"Umesema nikusubiri. Ungesema twende kwa baba yangu mdogo sasa hivi, ningesimama. Sijui ningejibu nini tukifika, lakini ningesimama. Kusubiri ni kazi ambayo nimeifanya miaka minne, Njiru. Naijua kuliko kuchora. Nimechoka nayo."

"Hata mimi nimechoka."

"Najua. Nakuona."

Walitazamana wakati huo, kwa mara ya kwanza siku hiyo, na halikuwa jicho la watu waliogombana. Yalikuwa macho ya watu wawili walioinua kitu kizito pamoja, mmoja kila upande, na sasa kila mmoja ameona kwamba mwenzake vidole vinaachia. Njiru ndiye aliyeangalia chini kwanza.

Zuleka naye aliangalia chini, kwenye karatasi, ili macho yapate pa kukaa. Ndipo alipoona. Miguu mitatu ya kondoo ilikuwa na vivuli vizito chini ya kwato, vile anavyoweka pale uzito unapokutana na ardhi. Mguu wa nne haukuwa na kivuli. Ncha ya ukwato iligusa tu. Hakuwa ameligundua hilo alipokuwa akichora. Alikuwa na mambo matano ya kufikiria. Mkono uliona ukaandika. Aliinua macho kwa mnyama mwenyewe ili kuhakikisha. Ndivyo ilivyokuwa.

Angeweza kunyamaza. Kesho asubuhi wazee wa Kanyakine wangemtembeza mwati uani mbele ya ukoo mzima, naye angechechemea, na mtu mmoja angesema kondoo kiwete haingii boma. Kondoo wangerudishwa Ishiara bila mwanamke yeyote kuomba warudishwe. Lilikuwa wazo lililokamilika, na lilimjia lote kwa pamoja. Alifikiri pia juu ya mwalimu wa chekechea asiyemjua, amesimama nyuma ya mlango wa jikoni na nguo mpya, akisikiliza wanaume wakibishana juu ya ukwato.

"Huyu hakanyagi mguu wa nyuma, wa kushoto," alisema.

Njiru aliinua kichwa. "Nini?"

"Tazama." Alimwonyesha karatasini, kisha akamwonyesha kondoo. "Wakimtembeza watamkataa."

Alitazama kimoja, akatazama kingine, akaelewa. "Kwa nini unaniambia?"

"Kwa sababu ndivyo alivyo. Mshike."

Njiru alimbana kondoo kati ya magoti yake. Zuleka alileta kisu kidogo cha kutolea mafuta, akakikosha, akapiga goti, akaukunja mguu. Kati ya sehemu mbili za ukwato kulikuwa na mwiba wa mgunga, umeingia wote, na kichwa chake kimekatika. Ilimlazimu asogee karibu sana ili auone. Paji la uso wake lilikuwa karibu na bega la Njiru. Alinusa sabuni ya hoteli, na chini ya sabuni vumbi, na chini ya vumbi harufu aliyoijua. Pumzi yake Njiru ilimgusa mtandio.

"Zuleka," alisema.

"Mshike vizuri."

"Nimemshika."

Mwiba ulitoka kwa mvuto mmoja, mrefu kama pingili ya kidole. Damu ilikuja tone moja. Aliosha kwa maji ya chumvi, akasubiri, akaosha tena, akauachilia mguu. Kondoo aliugusisha chini, akauinua. Akaugusisha tena, akauacha hapo.

"Akilala usiku mmoja kwenye nyasi kavu atatembea," Zuleka alisema. "Usimpandishe kwenye lori juu ya vyuma. Mwekee magunia."

Njiru alifanya alivyoambiwa. Alitandika magunia, akambeba kondoo mikononi, akampandisha, akamrudia dume. Kinyua alivuka barabara bila kuitwa, akapanda mbele na kutazama moja kwa moja. Njiru alikuwa ameshashika mlango aliporudi hatua tatu.

"Nipe hiyo karatasi," alisema. "Naomba."

"Utaiweka wapi?"

Alifikiri kweli, ilionekana kwamba anafikiri. Alifikiri juu ya nyumba, kabati, chini ya godoro, ndani ya lori. Hakupata mahali. Aliitikia kwa kichwa, akapanda, na lori likatoka langoni likielekea Kanyakine. Zuleka hakulitazama, alisikia gia zikibadilishwa, na alijua ni upande gani.

Hakuugusa mchoro. Ungeweza kuongezwa kivuli chini ya ukwato wa nne sasa, lakini huo ungekuwa uongo. Saa saba na dakika ishirini, alipouchora, ulikuwa sahihi.

Khalifa alirudi kabla ya saa nane, kofia mkononi, akitembea polepole kwa sababu ya nyonga. Alikaa kwenye benchi la ukutani, akatazama ua, akaona zizi lina mbuzi na lori halipo. Hakuuliza kuhusu lori.

"Watu wa Maua wanapiga simu saa kumi," alisema. "Niwaambie nini?"

"Waambie hapana."

Mzee alivuta pumzi ndefu. "Kwa ajili ya yule?"

"Yule anaoa Kanyakine. Wanyama wamepita hapa leo."

Khalifa aliiweka kofia benchini, akaichukua tena. Alikuwa amempinga Njiru miaka minne, kwa hoja na kwa hasira, na sasa kwa kuwa alikuwa ameshinda hakuonekana kujua aweke wapi mikono yake.

"Kwa hiyo Suhail kosa lake nini?" aliuliza hatimaye, bila ukali.

"Hana. Ulipolitaja jina lake Jumatatu nilikwenda nikalala usingizi mzuri. Mtu wa kuolewa naye angalau anikoseshe usingizi usiku mmoja, Baba."

"Mimi mama yako mdogo alinikosesha usingizi mwingi, baada ya ndoa."

"Najua. Tulikuwa tunasikia."

Mzee alicheka kidogo, kicheko kilichokwisha mapema. Alimuuliza Zuleka umri wake, kana kwamba haujui, naye akamtajia. Alisema watu watasema, naye akasema watasema. Kisha Khalifa akasema atawapigia yeye kabla hawajapiga, ndiyo adabu, lakini kwanza apumzike kidogo. Kufungua bucha kutangoja, leo hakuna atakayekufa kwa kukosa nyama. Aliegemeza kichwa ukutani, na uchovu wa mchana ukamchukua akiwa bado anasema.

Zuleka alimtazama. Alichukua karatasi nyingine.

Uso wa mzee aliyelala ni mgumu kuliko mnyama yeyote. Taya hulegea upande mmoja, shavu hutafuta mahali pa kushuka, na mistari ya paji, ambayo mchana hukunjwa kwa makusudi, hubaki yenyewe bila mwenyewe. Alianza na ukosi wa kanzu. Alikosea sikio, akaliacha, akaweka jingine. Alipofika kwenye mfuko wa ngozi chini ya jicho alipunguza mwendo, akaigeuza kalamu ili ipite kwa ubavu, wino ukaja kijivu badala ya bluu, laini, kama alivyotaka. Ndevu alizifanya moja moja. Hapakuwa na haraka. Kulikuwa na mstari mmoja kutoka pua hadi kona ya mdomo ambao aliutazama kwa muda mrefu, kisha akauchora kwa mara moja bila kupumua, ukakaa. Alisikia raha hiyo mwilini, wazi, kama mtu anayekunywa maji.

Khalifa alishtuka, akajifuta mdomo. Aliona karatasi.

"Umenichora nikikoroma?"

"Kukoroma hakuchoreki."

"Nimelala muda gani?"

Zuleka alitazama saa ya simu. "Nusu saa," alisema.

Baada ya kulisema ndipo alipolifahamu. Alirudi nyuma akaikagua ile nusu saa, dakika kwa dakika, kwa sababu hakutaka kujidanganya: ukosi, sikio, jicho, ndevu, mdomo. Njiru hakuwemo. Sasa alikuwa amerudi mawazoni, na maumivu yalikuwa palepale, hayakupungua. Lakini nusu saa nzima hakuwemo, na hilo halikuwa limetokea kwa miaka minne.